Ngazi 22, magongo mawili na mstari mwekundu wa saa 1:30: mwenzetu anaadhibiwa kwa ulemavu wake

Wakuu, habari za usiku.

Usingizi umegoma. Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya jambo hili moja, kwa sababu kazi bado naihitaji na najua wapo wenzangu wa ofisini wanaopita humu. Mods, naombeni msiuunganishe uzi huu na zile za nyongeza ya mshahara. Kima cha chini cha watumishi wa umma kimepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 tangu Julai 2025, tumeshukuru. Hapa nazungumzia namna mtu anavyotendewa akishavuka geti la ofisi ya umma.

Niko halmashauri moja ya mikoani, jina naliacha. Masjala yetu ina dada mmoja, msaidizi wa kumbukumbu. Anatembea kwa magongo mawili tangu utotoni. Ukimwambia tu "lile la madai ya likizo ya walimu wa kata fulani", haulizi namba, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye shubaka. Nilipoajiriwa nilimkuta pale, na yeye ndiye aliyenifundisha kuandika dokezo sabili, yale maelezo mafupi ya ndani ya ofisi, lisirudishwe na mkurugenzi. Kwa hiyo naomba mtu asije kusema hapa kwamba aliajiriwa kwa huruma.

Zamani masjala ilikuwa chini, mlango wa tatu kushoto ukitoka mapokezi. Ikaamuliwa chumba kile kiwe ukumbi mdogo wa mikutano. Kikawekwa vigae, kiyoyozi na viti vya kuzunguka, na masjala ikahamishiwa ghorofa ya kwanza. Lifti hatuna. Njia ya mteremko ipo moja, ya mlango wa mbele. Inakufikisha mapokezi, inaishia hapo.

Ngazi ni 22. Nimezihesabu nikimsindikiza.

Daftari la mahudhurio nalo liko juu, mezani kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi. Mliopita serikalini mnalijua daftari hili. Ikigonga saa 1:30 asubuhi afisa utumishi anapiga mstari mwekundu kwa rula, na ukisaini chini ya mstari umechelewa. Huyu dada anashuka kwenye bajaji saa 1:10. Nimemwona kwa macho yangu, si mara moja. Ana dakika 20 mkononi na bado mstari unamkuta njiani, kwa sababu muda huo ndio wahudumu wanapiga deki na ngazi zinateleza kama sabuni. Magongo hayafai hapo. Anachofanya ni kuketi ngazi ya kwanza, kuipa mgongo ile safari ya juu, kulaza magongo mapajani, kuning'iniza mkoba wa kitenge shingoni, halafu anajisukuma kwa viganja ngazi moja moja. Anapumzika kwenye kona. Anaendelea.

Siku zote alikuwa anavaa sketi nyeusi. Nilidhani ni rangi anayoipenda. Siku moja aliniambia mwenyewe kwamba nyeusi haionyeshi maji ya deki.

Na sisi tunampita hapo pembeni. Watu wazima, wenye digrii na shahada za uzamili, tunapita mbio kuwahi mstari, "pole dada", "pole mpendwa". Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miezi mingi, na sina cha kujitetea.

Jumanne iliyopita amepewa barua. Anatakiwa kujieleza ni kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kuchelewa kazini mara 11 ndani ya miezi miwili. Aliniletea mezani kwangu kabla ya kusaini kitabu cha kupokelea. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole kwa sababu viganja vilikuwa bado na majimaji ya ngazini, hakutaka kuichafua. Barua ya kumtishia kazi, na bado anaitunza kama jalada la mtu mwingine!

Nilikwenda kwa afisa utumishi. Sikwenda kugombana, niliomba tu daftari literemshwe mapokezi. Daftari, wakuu. Kitu unachokishika kwa mkono mmoja. Jibu nililopewa: "Sheria ni msumeno, mama. Nikimwachia yeye kesho kila mtu atakuja na lake."

Sawa, msumeno unakata mbele na nyuma, basi ukate na huko walikokaa wao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa kwenye mazingira ya kazi ili mtu huyo aweze kufanya kazi yake, na inatambua haki ya kufika na kutumia majengo ya umma bila vizuizi. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Mwaka mmoja kabla ya hapo Ofisi ya Rais, Utumishi, walikuwa wameshatoa mwongozo wa huduma kwa watumishi wa umma wenye ulemavu. Wale wanaotakiwa kuujua ule mwongozo ndio haohao wanaoshika rula. Tukitakiwa kupeleka taarifa ya hiyo asilimia 3, jina la dada huyu linaandikwa haraka sana. Likishahesabiwa, mwenye jina anarudi kuketi ngazini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba halmashauri yetu inajua kabisa ulemavu ni nini. Kila halmashauri nchi hii inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hundi ya mfano inachapishwa kubwa kama mlango, kamera zinaitwa, viongozi wanainama kushikana mikono na wananchi waliokaa kwenye viti mwendo. Majalada ya vikundi hivyo vyote, maombi, mikataba na marejesho, nani anayatunza? Ni yeye. Anayabeba kwenye mkoba wa kitenge na kushuka nayo kwa makalio ngazi 22, kwa sababu ofisi ya maendeleo ya jamii iko chini. Msiniambie habari ya Ofisi Mtandao, ule mfumo wa kupitisha majalada kwa kompyuta. Mfumo upo, lakini kwetu mkuu wa idara akitaka kujiridhisha bado anasema "niletee jalada".

Kipindi cha masika aliteleza. Gongo lilitangulia chini likatoa mlio watu wote wakatoka maofisini, yeye akafuata ngazi sita. Kifundo cha mkono kikavimba wiki mbili. Unajua kifundo cha mkono ni nini kwa mtu anayetembea kwa magongo? Ni mguu wake. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa ajili ya ajali kama hizo, na ni yeye mwajiri anayetakiwa kuitolea taarifa. Hakuna fomu iliyojazwa. Aliambiwa akapumzike, akapumzika siku mbili. Halafu kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kazi zake za wiki zile zikasoma nyekundu kwa majalada ambayo "hayakufikishwa kwa wakati".

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mwezi uliopita tulikuwa na semina ya ustawi wa mtumishi na ujumuishi mahali pa kazi. Mwezeshaji alitoka mkoani. Chai, sambusa, maji ya chupa, fomu ya kusaini posho. Ilifanyikia wapi? Kwenye ule ukumbi mdogo wa chini. Chumba kilichokuwa masjala! Na dada wa masjala hakuwepo. Aliambiwa abaki juu kupokea wageni, "usijisumbue kushuka, tutakuletea kabrasha". Tumekaa saa tatu tunafundishwa kujali wenzetu ndani ya chumba tulichomnyang'anya, na yeye yuko juu ya vichwa vyetu. Kabrasha lenyewe hakuletewa. Nilimpa langu.

Kwenye semina hiyohiyo alikuwepo kijana wetu wa TEHAMA ambaye ni kiziwi. Anasoma midomo. Mwezeshaji kila akigeukia ubaoni, kijana anabaki kutazama kisogo. Mkalimani wa lugha ya alama hajawahi kuitwa ofisini kwetu hata siku moja, wala kwenye kikao cha baraza la wafanyakazi. Madereva, walinzi na wahudumu hawakualikwa kabisa, kana kwamba ustawi unaanzia ngazi fulani ya mshahara.

Na mimi nina langu, nitalisema maana akina mama wengi humu mtanielewa. Nilijifungua, nikamaliza siku zangu 84, nikarudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Nilipoomba, mkuu wangu wa idara alinijibu mbele ya vijana wa mafunzo kwa vitendo: "Sisi tulizaa na kazi tulifanya." Ni mwanamke mwenzangu. Basi miezi mitatu nilikamulia maziwa chooni. Kikombe juu ya tangi, mlango nimeuzuia kwa mguu kwa kuwa komeo lilikatika na kila aliyepita alikuwa anausukuma. Ya siku ya kwanza niliyamwaga. Sikuweza kumpa mwanangu kitu kilichotoka mule. Siku ya pili nikiwa natoka, dada wa masjala alinikuta, akaniangalia kikombe, hakuuliza. Kesho yake aliniachia kona yake nyuma ya makabati, akatundika khanga, akakaa mlangoni na magongo yake ameyakingamisha. Mtu pekee aliyeona kwamba nahitaji faragha katika jengo zima ndiye huyu wanayetaka kumchukulia hatua.

Mwenyekiti wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi nimemfuata mara mbili. Makato yangu yanakwenda kila mwezi bila kukosa. Mara ya kwanza aliniambia suala "linahitaji busara". Mara ya pili alikuwa kwenye maandalizi ya bonanza. Fulana za bonanza zimeshachapwa, mgongoni zimeandikwa "Afya Yangu, Kazi Yangu". Kuna mbio za magunia, kuvuta kamba na kufukuza kuku. Nimeuliza dada wa masjala na kijana wa TEHAMA wamepangiwa nini. Nikaambiwa watakuwa washangiliaji.

Najua kuna watakaokuja kusema tatizo ni bajeti, OC (fedha za matumizi ya kawaida ya ofisi) haitoki, halmashauri ni masikini. Lifti sijaomba. Kuteremsha daftari ni bure. Kupiga deki saa 12:30 badala ya saa 1 ni bure. Kubadilishana vyumba, mikutano iende juu na masjala irudi chini, ni nguvu za vijana sita kwa Jumamosi moja, na mimi nitawanunulia soda kwa pesa yangu. Pesa ya viti vya kuzunguka ilipatikana. Pesa ya fulana imepatikana.

Barua inatakiwa kujibiwa Ijumaa. Rasimu tumeshaandika naye, imefika kurasa mbili. Tumeweka tarehe aliyoteleza, tarehe aliyoomba kwa maandishi masjala isihamishwe (nakala anayo, na ina muhuri wa kupokelewa, muhuri alioupiga yeye mwenyewe), na vifungu vya sheria ya 2010. Ninachoomba kutoka kwenu ni msaada, si pole. Aliyewahi kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma anieleze kama tunaweza kulalamika sasa au ni mpaka adhabu itolewe kwanza. Aliyewahi kushughulika na WCF aniambie kama ajali ya masika bado inapokelewa ikiwa mwajiri alikaa kimya, na daktari atatakiwa kuandika nini. Na kwa mujibu wa sheria kila halmashauri inatakiwa kuwa na kamati ya watu wenye ulemavu. Ya kwetu sijawahi kusikia ikikutana. Je, mtumishi anaweza kupeleka lalamiko huko, au wao ni kwa wananchi wa nje tu? Wanasheria mliomo humu, tafadhali, hata kwa faragha.

Kwa wale mtakaotaka kujua ni halmashauri gani, sitaji, hata mkinitumia ujumbe. Nikitaja watamtafuta yeye kwanza kabla yangu.

Kesho saa 1:10 nitakuwa getini bajaji ikifika. Tumekubaliana hapandi. Tutakaa wote wawili kwenye benchi la mapokezi, kalamu mkononi, mpaka mtu alete daftari chini. Kijana wa TEHAMA nilimwandikia ujumbe jioni hii nikamweleza. Amejibu neno moja: "Nakuja."