Mzazi anaishi peke yake: tumwekee kamera au tumwachie faragha yake?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi, maana nimeliona likigombanisha ndugu wa tumbo moja. Mzee amefiwa na mwenzake, watoto wametawanyika, na kuhama kwake hataki hata kusikia. Siku moja anaanguka, au anasahau jiko likiwaka. Haipiti wiki, mtoto mmoja anakuja na kamera: ndogo, inakaa juu ya kabati, inaona gizani, inapitisha sauti, na kila kitu kinaingia kwenye simu. Mwingine anasema huko ni kumgeuza mzazi mfungwa. Wa tatu kanyamaza, anasubiri kuona nani atalipia.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnirushie mawe. Kamera ambayo mzee hakuulizwa siikubali, hata kama iliwekwa kwa mapenzi. Aliyeulizwa akakubali, sawa, lakini hapo nina maswali mawili.

La kwanza: kamera nyingi za nyumbani hazijui kuanguka ni nini. Zinachojua ni kwamba kitu kimesogea, na mtu aliyelala sakafuni hasogei. Kwa hiyo utapigiwa kelele kila pazia likipepea, halafu siku mama yuko chini simu imenyamaza. Na mtu akishaletewa taarifa za pazia mchana kutwa anafanyaje? Anazizima.

La pili: kuona si kufika. Umeamka saa nane usiku, umefungua simu, umemwona mama yuko chini. Uko mbali, mlango umefungwa kwa ndani. Unampigia nani, na huyo ataingiaje? Wangapi wamelijibu hilo kabla ya kununua kamera?

Karibuni.

Kitinda mimba

Mimi nimeshaweka, sebuleni na chumbani. Mama alinuna mwanzoni, sasa kamera akiipita anaipungia mkono. Nalala usingizi. Maswali mengine tutajibu huko mbele.

Muuguzi wa zamu

Mleta mada, unaongea vizuri, ila inaonekana hujawahi kupokea mgonjwa aliyelala sakafuni usiku kucha.

Mtu mzima akikaa chini muda mrefu bila kuweza kujigeuza, uzito wa mwili wake mwenyewe unakandamiza misuli ya upande aliolalia. Misuli inaanza kufa, uchafu wake unaingia kwenye damu na figo zinaelemewa. Ngozi ya makalio na visigino inaanza kuharibika. Hajanywa maji, amejikojolea, mwili umepoa, kifua kinaanza kujaa. Anapofika kwetu familia inauliza kama amevunjika, na sisi tunauliza alilala chini kwa muda wa saa ngapi.

Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1981 katika jarida la kitabibu la BMJ, juu ya wazee walioanguka nyumbani. Nusu ya waliokaa chini saa moja au zaidi walikuwa wamefariki ndani ya miezi sita, hata ambao kuanguka kwenyewe hakukuwaumiza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kunaua watu 684,000 kila mwaka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza. Sasa mtoto anayefungua simu alfajiri akamwona mama yake chini, amempunguzia saa ngapi za kulala pale? Faragha naiheshimu sana, ila sijawahi kuandika faragha kwenye faili la mgonjwa.

Mleta mada

Muuguzi, hoja nzito. Lakini huo utafiti wa 1981 usiusome kana kwamba sakafu ndiyo iliyoua wote. Mtu anayeshindwa kunyanyuka kwa saa nzima mara nyingi alikuwa ameshadhoofika kabla ya kuanguka. Kulala chini muda mrefu kunadhuru, nakubali, na pia ni dalili. Kamera haitamrudishia nguvu za miguu. Mazoezi ya miguu, taa ya usiku njia ya chooni, zulia linaloteleza kuondolewa, dawa zinazoleta kizunguzungu kuangaliwa upya na daktari: mbona haya hayagombaniwi na ndugu? Kwa sababu hayana picha kwenye simu.

Fundi

Nafunga hivi vitu kwa riziki, kwa hiyo nina sababu zote za kuvisifia. Nawaambia yale ambayo wateja hawaulizi.

Zipo kamera zinazojaribu kutambua mtu aliyeanguka kwa umbo la mwili. Zinasaidia na zinakosea: aliyeinama kuokota kitu anahesabiwa ameanguka, aliyeanguka nyuma ya kochi haonekani. Halafu kuna hili ambalo huwa linanikera. Mahali pa hatari kuliko pote ni bafuni na ile njia ya kutoka kitandani kwenda chooni usiku, na huko ndiko mtu mwenye adabu hawezi kuweka kamera. Tunaifunga sebuleni, anapokaa kwenye kiti ameegemea, hana shida yoyote.

Suala la picha kuvuja si hadithi. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera za nyumbani, na kesi ikaisha kwa dola milioni 5.8. Miongoni mwa madai ni kwamba mfanyakazi mmoja alikuwa akitazama maelfu ya video za wateja wa kike, zikiwemo za vyumbani na bafuni. Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa Wyze, kampuni nyingine ya kamera, walionyeshwa picha za kamera za watu wengine baada ya mitambo kuzimika na kurudi. Hawa hawakudukuliwa na mtu. Mfumo wenyewe ndio uliochanganya nyumba.

Kwa hiyo ukiamua kuweka, nywila iliyokuja na boksi ibadilishe siku hiyohiyo. Uingereza imeshapiga marufuku vifaa vya namna hii kuuzwa na nywila rahisi ya kiwandani, tangu tarehe 29 Aprili 2024. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia, itakiwe na namba inayotumwa kwenye simu yako. Na jueni nani ana nywila. Nimefika nyumba moja nikakuta shemeji aliyeachana na familia zamani bado anaingia kwenye kamera ya mzee.

Mama Mkubwa

Mimi ndiye huyo mzee mnayemjadili. Nina akili zangu, macho yangu yanaona, na maandishi haya naandika mwenyewe, polepole.

Wanangu waliweka kamera sebuleni baada ya kuteleza kwangu. Waliniarifu, hawakuniuliza. Nawaelezeni inavyokuwa. Nguo nabadilishia nyuma ya mlango wa kabati, nyumbani kwangu mwenyewe. Rafiki yangu akija tunakaa jikoni kwenye viti vigumu, kwa sababu jikoni haifiki. Siku moja nimekaa zangu kimya, namkumbuka marehemu, machozi yananitoka, simu inalia: "Mama, mbona unalia?" Nilitaka kulia tu, mwanangu. Usiku nikiamka, asubuhi naulizwa kwa nini niliamka saa tisa.

Na zamani walikuwa wakinipigia kuniuliza nimeamkaje. Siku hizi hawaulizi, wanaona. Nikianza kusimulia siku yangu wananimalizia.

Nimeanza kuning'iniza taulo juu yake. Wakipiga nasema limejiangukia.

Mjukuu

Bibi, hilo taulo limenimaliza 😂

Wakuu, si lazima iwe picha. Wajapani walilitatua hili mwaka 2001: kampuni ya Zojirushi ilitoa birika la umeme linalomtumia mtoto taarifa za jinsi mzazi anavyolitumia. Birika likikaa bila kuguswa asubuhi nzima, mtoto anajua kuna jambo, anapiga simu. Hakuna anayeona mtu. Siku hizi kuna kihisi, kidude kinachojua kitu kimefunguliwa au kimeguswa bila kupiga picha: cha mlango, cha friji, cha kitandani. Saa za mkononi za Apple zinatambua kuanguka tangu 2018, na ukibaki bila kusogea wala kujibu zinapiga simu ya dharura zenyewe. Kwa nini tunarukia jicho wakati tunachotaka kujua ni kama ameamka?

Muuguzi wa zamu

Saa lazima ivaliwe. Kitufe cha shingoni cha kuitia msaada nacho vilevile. Mwaka 2008 BMJ ilichapisha utafiti wa Cambridge juu ya watu wenye zaidi ya miaka 90: kati ya wenye kengele za dharura walioanguka wakiwa peke yao, asilimia 80 hivi hawakuzitumia. Kifaa kipo, mtu yuko chini, hakubonyeza. Kamera haimsubiri yeye abonyeze.

Mama Mkubwa

Sishangai. Mwingine kitufe kakitundika kitandani yeye kaangukia ukumbini. Mwingine anajua akibonyeza tu, kesho watoto watakaa kikao cha kumhamisha. Mtu akiadhibiwa kwa kuomba msaada ataacha kuomba.

Mlezi wa kulipwa

Kuna mtu mmoja mmemsahau: sisi tunaoshinda na hao wazee. Nimefanya kazi nyumba ambayo kamera ilifichwa ndani ya saa ya ukutani, sikuambiwa. Nilijua siku tajiri aliponiuliza kwa simu nilikuwa nacheka nini. Kwenye kamera hiyohiyo mzee anaonekana nikimwogesha kwa beseni, yuko mtupu, na kijana wa miaka ishirini anaangalia akiwa ofisini. Mzee angejua angekufa kwa aibu.

Sikatai, wapo walezi wanaopiga wazee, na kamera zimewaumbua. Kwa hiyo ziwepo, lakini tuambiane. Texas ilitunga sheria tangu 2001 kuruhusu kamera kwenye vyumba vya nyumba za kulelea wazee, lakini anayelala chumba kimoja na huyo mzee naye lazima akubali. Kama taasisi inadaiwa ridhaa, familia inaachiwaje?

Mwenye baba anayesahau

Wote mnazungumzia wazee wenye akili timamu. Baba yangu ana demensia. Asubuhi anakubali kamera, jioni anauliza nani kaleta kile kidude. Ridhaa ya saa ngapi ndiyo halali?

Sheria ya Uingereza ya 2005 kuhusu uwezo wa kuamua ina mambo mawili ninayoyapenda: mtu ahesabiwe ana uwezo mpaka ithibitike hana, na anapoamuliwa na wengine, itafutwe njia inayombana kidogo kuliko nyingine. Sisi tulifanya kinyume, tulianza na inayobana zaidi. Dada yangu aliona kwenye simu baba anafungua mlango usiku, akatumia spika ya kamera: "Baba, rudi ukalale." Baba hakuona mtu. Aliganda, akaanza kuujibu ukuta kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, na hakulala tena usiku ule. Tukazima spika. Sasa mlangoni kuna kihisi kinachomwamsha jirani mwenye ufunguo, tuliyekubaliana naye. Kamera ipo, inatazama mlango tu. Bila hiyo angekuwa ameshapotea, kwa hiyo msiniambie niitoe.

Mleta mada

Ndugu yangu, kwa hali ya baba yako siwezi kukuambia uitoe. Ya kwako ina mlango, ina jirani, ina ufunguo. Ndiyo maana inafanya kazi.

Shikamoo Mama Mkubwa. Wewe ungekubali nini?

Mama Mkubwa

Marahaba. Nikubali nini? Simu ya asubuhi, mtu anipigie tuongee. Kihisi cha mlango, sawa. Ufunguo wa akiba kwa jirani, huo nimempa, watoto hata hawajui.

Fundi

Mama, zipo kamera zenye kifuniko kinachoziba jicho lake. Unakisogeza mwenyewe kwa kidole.

Mama Mkubwa

Hiyo nitaikubali, mradi asinipigie mtu kuniuliza kwa nini nimefunga.

Muuguzi wa zamu

Na ukiifunga halafu ukaanguka?

Mama Mkubwa

Basi nitakuwa nimeanguka, mwanangu. Jirani asiponiona hadi saa tatu anagonga.

Kitinda mimba

Mama, kwa heshima zote, na jirani akisafiri? Hapo ndipo siwaelewi mnaotetea faragha. Mama akikutwa amekufa peke yake nitaulizwa mimi: ulikuwa wapi? Hakuna atakayeuliza kama faragha yake ililindwa.

Mleta mada

Kitinda mimba, hapo umesema kweli, na naomba uiseme hivyohivyo kwa mama yako. Unaogopa kuulizwa. Unataka kulala usingizi, uliandika mwenyewe. Ni haja halali, sikucheki, lakini ni haja yako wewe. Umemwendea mama na maneno ya "usalama wako", na kwa maneno hayo hawezi kukataa bila kuonekana mkaidi. Mwambie: mama, nina hofu, naomba univumilie na hiki kidude. Pengine atakubali, maana wazazi wametuvumilia kwa makubwa zaidi. Pengine atakuambia ya sebuleni ndiyo, ya chumbani hapana. Lakini atakuwa ameombwa, na anayeombwa anaweza kuweka masharti.

Huko kupunga mkono kila akiipita, umewahi kumuuliza ana maana gani?

Kitinda mimba

Nimekusikia, sijakubali. Ya sebuleni haitoki. Ya chumbani nitaigeuzia mlangoni, na hilo la mkono nitamuuliza nikienda.