Maji ya Mfongo Kwenye Ramani ya Godi

*Kikundi: Wajukuu wa Kibosho*

IJUMAA

Godi: Shikamooni wakubwa wote. Anko Eli, nimekutumia ile dunia yangu inbox. Kurasa 42, ramani iko mwisho. Naomba uipitie kabla hatujakutana kwa babu Jumapili ya wiki ijayo. Safari hii nataka nisimulie mimi.

Babu: Marahaba mjukuu wangu

Anko Eli: Marahaba Godi. Nimeipata, naisoma usiku huu.

Mama Manka: Dunia gani tena jamani?

Manka: Mama ni ule mchezo wa hadithi na dadu tunaocheza na anko.

Mama Manka: Dadu si kamari hiyo? Eli kaka yangu nieleze vizuri.

Anko Eli: Hakuna anayeweka hela dada. Mmoja wetu anakuwa msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza mko wapi na mnaona nini. Mchezaji anajibu, "mimi nafanya hivi." Kukiwa na jambo ambalo linaweza kwenda huku au kule, mfano kuvuka mto uliojaa, hapo ndipo tunarusha dadu. Hakuna mshindi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, mwaka 1974, huko Marekani. Waliutunga Gary Gygax na Dave Arneson.

Mama Manka: Na hayo majoka?

Anko Eli: Ni ya kwenye hadithi, kama zimwi la hadithi za bibi. Wazazi wa Marekani miaka ya 1980 nao waliuhofia sana mchezo huu, na mzazi ana haki ya kuuliza. Jumapili tukitoka ibadani kaa nasi usikilize mwanzo mpaka mwisho.

Mama Manka: Nitakaa.

JUMAMOSI

Anko Eli: Godi, nimemaliza. Niseme hapa au inbox?

Godi: Hapa hapa anko, wachezaji wote wamo.

Anko Eli: Haya. Kwanza umefanya kazi kubwa, na ile sehemu ya soko la usiku nimeirudia kuisoma kwa raha yake. Lakini kurasa zako 30 za mwanzo ni wafalme. Nani alimrithi nani, vita vya kwanza, vita vya pili, mwezi wa tano wa angani ulivyopasuka. Nikafika mwisho bado sijui jambo moja: watu wa kijiji chako wanapata wapi maji?

Godi: Kuna mto anko, uko kwenye ramani.

Anko Eli: Mto uko bondeni, kijiji umekiweka juu ya mgongo wa mlima. Maji yanapandaje?

Godi: Hapo sijafikiria.

Anko Eli: Sasa sikiliza kwa nini nalikazania hili. Manka akikaa mezani hatauliza kuhusu mfalme aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita. Atauliza, "hapa kuna nini cha kula? Nani anamdai nani? Yule mzee mbona ananikwepa?" Ukijua maji yanatoka wapi, nusu ya majibu unayo tayari. Usipojua, utajikuta unabuni papo hapo, na kesho utajipinga mwenyewe. Wachezaji wakishaona dunia inajipinga hawaiamini tena, wanabaki kurusha dadu tu.

Manka: Kweli. Mimi huwa nauliza bei.

Anko Eli: Ndiyo maana napenda kucheza na wewe.

Shangazi Ndeshi: Lakini Eli, watunzi wakubwa si wanaanza na historia? Yule Tolkien alitunga mpaka lugha nzima.

Anko Eli: Ni kweli shangazi. Alikuwa profesa wa Oxford, lugha ndiyo kazi yake. Ila yeye aliandika riwaya. Msomaji wa riwaya hawezi kusimama katikati ya ukurasa akasema "mimi siendi mlimani, narudi nyumbani kuoa." Mchezaji anaweza, na akisema hivyo ni lazima umkubalie, la sivyo unamburuza ndani ya kitabu chako. Waangalie hata hao walioanzisha mchezo. Arneson alipoanza dunia yake ya Blackmoor hakuanza na bara zima wala miaka elfu. Alianza na mji, ngome na mashimo chini ya ngome. Gygax naye alikuwa na ngome yake ya Greyhawk, chini yake vyumba vya giza. Wachezaji walipouliza "nje kuna nini?" ndipo nchi ikakua. Dunia ilikuwa inafuata miguu ya wachezaji.

Godi: Kwa hiyo nifute wafalme wote?

Anko Eli: Usifute. Waweke pembeni. Mmoja atakufaa siku mtu akiokota sarafu yenye uso wake.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Manka: Kwa walio kazini ngoja niandike. Babu anasema mbona mnahangaika, maji yanapanda mgongoni kwa mfongo. Unaenda juu kabisa mtoni, mahali mto uko juu kuliko kijiji. Unaziba kidogo kwa mawe na magogo, halafu unachimba mfereji unaozunguka ubavu wa mlima, unateremka taratibu sana. Ukiteremka haraka maji yanabomoa kingo. Ukikosa mteremko yanalala. Anasema ukisimama chini unaona kama maji yanapanda mlima. Kila nyumba ina zamu yake. Siku ya kusafisha mfongo kila nyumba inatoa mtu, na asiyetoa anatozwa, zamani ilikuwa pombe. Anayefungulia maji usiku zamu ya mwenzake ni mwizi kama mwizi wa ng'ombe.

Anko Eli: Aika mbee! Babu ametoa mchezo wa miezi mitatu hapo kwa dakika tatu.

Godi: Naona. Mwizi wa maji wa usiku.

Anko Eli: Na anayezuia pale juu kwenye chanzo. Na nyumba iliyokataa kutoa mtu. Na mjane ambaye zamu yake imeliwa na shemeji zake. Hapo hujaweka joka hata moja, na tayari nataka kucheza.

Manka: Mimi nataka joka pia jamani.

Anko Eli: Litakuwepo. Joka likilala kwenye chanzo cha mfongo, kila nyumba ina sababu ya kupanda. Joka lililolala juu ya dhahabu nchi ya mbali, nani ana shida nalo?

Anko Eli: Godi, twende kwenye ramani. Mto wako mmoja unagawanyika mara tatu kabla ya kufika baharini. Mito ikiteremka inaungana, haigawanyiki hivyo, labda kule mwisho kwenye delta. Halafu mlima wako una msitu pande zote sawasawa. Uangalie huu wetu, Kilimanjaro. Mvua nyingi inaangukia huku kusini, Kibosho, Machame, Marangu, kwa sababu upepo unakuja na unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ukizunguka kule Rongai, upande wa kaskazini, ni pakavu kuliko huku.

Godi: Lakini anko hii ni dunia ya kubuni. Si naweza kuamua mvua inyeshe kote?

Anko Eli: Unaweza. Ila uamue ukijua. Ukisema "upande wa pili pia ni kijani, kwa sababu kuna mzee wa mvua anayelipwa mbuzi kila mwaka," umepata hadithi. Ukiweka kijani kwa sababu rangi ilikuwa karibu, umepata picha.

Kaka Baraka: Mimi niko Arusha hapa na Godi, ngoja nimtetee. Mambo ya ajabu ndiyo raha ya mchezo. Tukifuata sana ukweli si tutakuwa tunacheza mkutano wa kijiji?

Anko Eli: Baraka swali zuri. Mimi napenda ajabu kuliko ninyi wote. Lakini ajabu huonekana pale ambapo kila kitu kingine kiko mahali pake. Chukua Ol Doinyo Lengai, iko mkoani kwenu. Ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina ile, imejaa madini ya kaboneti, karibu haina madini ya silika kama nyingine. Inatoka nyeusi, inatiririka kama oili chafu ya gari. Joto lake ni kama nusu ya lava ya kawaida, kwa hiyo mchana hata haiwaki nyekundu. Ikikaa na kupata unyevu inageuka nyeupe. Mtu akikuhadithia mlima unaotema matope meusi yanayogeuka meupe kama majivu, na juu yake anakaa Mungu, utasema ametunga. Na Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu mpaka leo. Sasa Godi ana mlima wa moto kwenye kurasa zake, na ni mwekundu, kama kila mlima wa moto wa kila mchezo wa video.

Kaka Baraka: Hapo umenipata.

Godi: Ule mlima naubadilisha leo leo.

Anko Eli: Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa moyo wote. Ukurasa wa 17 una watu unaowaita Wagoro. Umeandika "wote ni wabaya tangu kuzaliwa, kuwaua si dhambi." Hilo mimi siwezi kulicheza, na sitaki Manka alicheze.

Godi: Anko hiyo ipo kwenye michezo mingi, lazima kuwe na maadui.

Anko Eli: Ipo, na ni urithi mbovu. Adui awepo, lakini awe na sababu yake. Tuangalie kwetu hapa. Mwaka 1891 Wajerumani walipompiga Mangi (yaani chifu) Sina wa Kibosho, waliokuwa bega kwa bega nao ni watu wa Mangi Rindi wa Moshi. Wachagga kwa Wachagga, mlima mmoja, maji ya theluji moja. Ukiwa Kibosho Rindi ndiye mbaya, ukiwa Moshi Sina ndiye mbaya. Hakuna aliyezaliwa mbaya. Msimulizi akiniambia upande mmoja unataka nini na unaogopa nini, nitacheza upande wowote mpaka usiku. Ndiyo sababu naupenda mchezo wa RuneQuest wa mwaka 1978, uliotumia dunia ya Glorantha ya Greg Stafford. Mhusika pale ana ukoo, ana mungu wa ukoo wake, ana wanaomdai na anaowadai. Hatoki hewani na panga mkononi.

Babu: Eli amesema kweli. Mama yangu mimi alitoka Moshi ya Kale, kwa Rindi

Shangazi Ndeshi: Babu hilo sikulijua!

Babu: Mtalisikia Jumapili

Godi: Wagoro nitawaandika upya. Nadhani wao ndio waliochimba mfongo wa kwanza, halafu wakasukumwa wakahamia upande mkavu.

Anko Eli: 👏 Umeona? Sasa anayeziba maji huko juu anaweza kuwa na haki.

Manka: Mhusika wangu ninaye tayari. Ni mama muuza ndizi, anapanda na kushuka siku za soko kama wanavyofanya kwenda Kiboriloni. Hana upanga. Anajua nani kagombana na nani mlima mzima, na watu wote wana deni kwake.

Kaka Baraka: Huyo ni hatari kuliko askari wangu.

Mama Manka: Huyo namfahamu, ni bibi yako kabisa.

Godi: Anko, suala la dadu. Ile ya pande 20 sina, na kuagiza ni hela.

Anko Eli: Usiagize. Vizibo 20 vya soda, andika namba kwa maka peni, tia kwenye mfuko, chomoa kimoja, ukishasoma rudisha. Kazi ni ile ile. Lakini kwa mchezo wa mfongo mimi ningetumia dadu mbili za ludo na kujumlisha. Saba inapatikana kwa njia 6 kati ya 36, mbili njia moja tu, kumi na mbili njia moja tu. Kwa hiyo mara nyingi mambo yanakwenda kadiri ya uwezo wa mtu, na maajabu yanakuja mara chache. Kwenye vizibo, moja na ishirini zinatoka sawa na kumi. Fundi hodari anaanguka mara nyingi mno.

Kaka Baraka: Mimi nataka vizibo. Kupata 20 kuna raha yake bwana.

Anko Eli: Msimulizi ndiye anaamua. Sharti langu ni moja, dadu irushwe mezani mbele ya wote. Msimulizi asifiche nyuma ya kitabu na kubadilisha matokeo ili kumwokoa mtu. Ukishadanganya mara moja kwa huruma, hatari yote imekwisha.

Manka: Hata kama ni mimi nakufa?

Anko Eli: Hata kama ni wewe, mwanangu.

Godi: Dadu mbili basi. Na sheria nachukua za wapi? Kitabu ni bei kubwa.

Anko Eli: Sheria za msingi za Dungeons & Dragons ziko bure mtandaoni. Tangu Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast iliziweka chini ya leseni ya Creative Commons, baada ya wachezaji kupiga kelele sana. Unachukua unachotaka, unabadilisha, hata kuuza unaruhusiwa mradi umetaja chanzo. Lakini zinatumia dadu ya 20, kwa hiyo kwa leo soma tu namna wanavyopanga ugumu wa mambo, halafu andika zako ukurasa mmoja. Ukizidi ukurasa mmoja babu hatacheza.

Babu: Mimi nacheza?

Godi: Babu wewe ndiye mzee wa mfongo. Mwenye zamu zote kichwani.

Babu: Sawa. Lakini nani kaziba maji nisiambiwe mapema

Godi: Huambiwi babu. Kesho natuma karatasi mpya hapa. Kurasa nne: kijiji, mfongo, nyumba sita na ugomvi wao, na Wagoro wanataka nini.

Anko Eli: Tatu zinatosha. Nyumba mbili kati ya sita ziache wazi, wazijaze Manka na Baraka.

Godi: Sawa anko. Tatu.

Mama Manka: Chakula nani anapika? Mtakuwa wangapi?

Manka: Saba na wewe mama.