Kikundi cha Familia: Gari la Baba Linazima Likipunguza Mwendo

JUMATANO

Dada Somoe, saa 12:40 jioni
Assalaam alaykum wanafamilia. Naomba kila aliyemo humu asome ujumbe huu mpaka mwisho, kwa sababu Jumamosi asubuhi Mama anatakiwa awe njiani kwenda Lindi kwenye ndoa ya mjukuu wa Mjomba, na gari la Baba tulilopanga limpeleke limenizimia mara tatu leo. Mara zote ilikuwa ni wakati wa kupunguza mwendo: mguu umetoka kwenye mafuta, nimegusa breki kuingia kipilefti, mshale wa mizunguko ukashuka chini ya 500, gari likatetemeka, kisha kimya. Likiwashwa linawaka papo hapo, na likiwa kwenye mwendo halina shida yoyote. Bakari, wewe ndiye unayelitumia kila siku. Hali hii ilianza lini?

Zuhura, saa 12:52 jioni
Mama mdogo, gari limerithi tabia ya mwenyewe. Babu naye hakuweza kupita mbele ya kijiwe cha kahawa bila kusimama.

Bi Mwanaidi, saa 12:55 jioni
Na akisimama ilikuwa haondoki mpaka asikie adhana. Mungu amrehemu.

Issa (Dar), saa 1:03 usiku
Amina. Siku moja alinisahau ndani ya gari hilo hilo nikiwa na samaki wabichi kwenye ndoo, na harufu ile mpaka leo haijatoka.

Dada Somoe, saa 1:05 usiku
Samaki tutawazungumza Jumapili, Mungu akitufikisha. Shemeji Hamisi, wewe ulisomea ufundi VETA, naomba utueleze.

Shemeji Hamisi, saa 2:30 usiku
Poleni, nilikuwa msikitini. Gari linalowaka upesi na kukimbia vizuri, lakini linazima mguu ukitoka kwenye mafuta, mara nyingi linakosa hewa ya sailensa, yaani ule mwendo mdogo wa injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukiachia mafuta, kipepeo cha throto, yaani mlango wa hewa ya injini, hufunga, na injini hubaki ikivuta hewa kupitia njia ndogo ya pembeni, ambayo upana wake huongozwa na vali ya sailensa kwa amri ya kompyuta ya gari. Kipepeo kikishika masizi, au vali ikikwama kwa utando mweusi, hewa hupungua na mizunguko huporomoka chini ya ile 700 mpaka 800 kwa dakika ambayo injini kama hiyo hukaa ikishapata moto. Naomba asinunue mtu kifaa chochote kabla hatujapima.

Issa (Dar), saa 2:41 usiku
Shemeji, mimi ningeweza kupita kwenye vipuri vya Gerezani, Kariakoo, kesho nikatuma pampu ya mafuta ya mtumba kwa basi la usiku. Au huenda ni mpira wa hewa uliopasuka?

Shemeji Hamisi, saa 2:58 usiku
Pampu iliyochoka hujionyesha gari likipanda mlima au likikanyagwa kwa nguvu, wakati injini inapohitaji mafuta mengi. Hapa tatizo linakuja wakati inapohitaji machache kabisa. Kuhusu mpira, Corolla hiyo ya mwaka 1993 hupima hewa kwa sensa ya msukumo, kwa hiyo mpira uliopasuka kwa kawaida huipandisha sailensa badala ya kuizima. Hata hivyo nitaubana mmoja mmoja nikianzia ule wa busta ya breki, kile kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki. Usitume kitu, Issa.

Dada Somoe, saa 3:10 usiku
Nimeona watu kumi na mmoja wamesoma na wanne tu ndio waliojibu. Bakari, nakusubiri.

ALHAMISI

Shemeji Hamisi, saa 5:20 asubuhi
Nimelipima gari nyumbani kwa Mama. Mipira yote ni mizima. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Nimeunganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, nikafungua swichi bila kuwasha injini, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na gia ikiwa P. Taa ya injini imepepesa mara tano, ikapumzika, kisha mara moja, na kurudia hivyo hivyo. Hiyo ni namba ya hitilafu 51, inayohusu kiyoyozi, gia au swichi ya throto. Kwa kuwa kiyoyozi na gia nimevitoa kwenye hesabu, maana yake ni kwamba swichi ndogo ya kwenye throto haiiambii kompyuta kuwa mguu umetoka kwenye mafuta. Nilipoangalia skrubu inayozuia kipepeo nimekuta imekazwa ndani sana, na rangi ya alama ya kiwandani imebanduka. Kuna mtu aliizungusha.

Dada Somoe, saa 5:24 asubuhi
Ramadhani iliyopita tulichanga shilingi 120,000 za kusafisha throto na vali. Tukaambiwa kazi imekwisha.

Shemeji Hamisi, saa 5:31 asubuhi
Throto haijasafishwa, Shemeji. Nimeingiza kidole kimetoka cheusi. Aliyekaza skrubu alikiacha kipepeo wazi kidogo ili sailensa ipande, na gari likaonekana limepona. Masizi yalivyoendelea kujaa, uwazi ule ukaziba, na kompyuta iliyopaswa kusaidia haikuwa na habari kwamba mguu umeachia mafuta.

Bakari, saa 6:47 mchana
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa shambani Naliendele, mtandao haushiki. Limeanza kuzima kama wiki tatu sasa, na sikusema kwa sababu kila nikisema jambo kuhusu gari hilo naambiwa nalitumia kama langu. Fundi alilipwa mbele yangu na nilimwona akifungua throto. Kama alinidanganya, alitudanganya sote.

Dada Somoe, saa 6:50 mchana
Wiki tatu, Bakari? Wiki tatu Mama amekuwa akipelekwa kliniki na gari hilo! Na wewe siyo mara ya kwanza kunyamaza. Ungenyamaza kidogo zaidi yangejirudia ya Mingoyo.

Bakari, saa 6:51 mchana
Ya Mingoyo unayajua wewe na yeye aliyekuwa na ufunguo siku ile. Mimi nisitiwe humo.

Zuhura, saa 6:53 mchana
Basi jamani tufanye mchango wa kumnunulia Babu kijiwe chake cha kahawa, tusafiri kwa basi.

Shemeji Hamisi, saa 7:15 mchana
Zuhura mwanangu, ngoja kwanza tulimalize hili. Injini ikizima gari likiwa linatembea, usukani unakuwa mzito ghafla, na busta inabakiza nguvu ya kukanyaga breki mara chache tu. Kutoka hapa Mtwara mpaka Lindi ni takribani kilomita 100, na kila kijiji kina kibao cha 50 au matuta, kwa hiyo dereva ataachia mafuta mara nyingi mno. Fikirini mteremko wa kuingia Mikindani, lori nyuma yenu.

Mjomba Chande (Lindi), saa 10:05 jioni
Wapwa zangu, nimesoma yote. Dada yangu hatapanda gari hilo mpaka Hamisi aliendeshe mwenyewe, alisimamishe mara kumi kwenye kipilefti na kwenye matuta, na mara zote kumi liendelee kunguruma. Likizima hata mara moja, atakuja kwa basi, na mimi nitampokea stendi kwa mkono wangu. Ya Mingoyo yaliletwa kwangu, nikaita watu, nikayamaliza. Sitaki kuyasoma tena humu.

Bakari, saa 10:09 jioni
Shikamoo Mjomba. Tumekusikia.

Dada Somoe, saa 10:31 jioni
Shikamoo Mjomba. Naomba radhi mbele ya wote.

Mjomba Chande (Lindi), saa 10:40 jioni
Marahaba wanangu.

Dada Somoe, saa 1:15 usiku
Haya, tupange. Kesho baada ya sala ya Ijumaa Shemeji atafungua throto na vali, azisafishe kwa dawa ya kabureta, airudishe skrubu mahali pake na kuipanga swichi. Inahitajika dawa makopo mawili na gasketi ya vali. Nani anatoa fedha? Na nani atakata tiketi mbili za basi za akiba, maana tukisubiri matokeo ya kesho jioni viti vitakuwa vimekwisha?

Issa (Dar), saa 3:48 usiku
Dawa na gasketi nitalipa mimi. Nitatuma kesho, mshahara ukiingia.

Shemeji Hamisi, saa 3:55 usiku
Kesho saa ngapi, Issa? Duka la vipuri linafungwa mapema siku ya Ijumaa.

IJUMAA

Dada Somoe, saa 1:02 asubuhi
Issa, Shemeji anasubiri jibu. Tiketi bado hakuna aliyejitokeza. Bakari, ufunguo uko kwako au kwa Mama?

Bi Mwanaidi, saa 1:20 asubuhi
Nipo kwa Mama hapa. Ufunguo hauko. Anauliza apange begi la gari au la basi.

Dada Somoe, saa 1:22 asubuhi
Mwambie apange dogo, la kupakata.