Nataka kutoa Prado ya nyumbani sadaka kwa kituo cha yatima, naanzia wapi?

Binti Chumbageni: Habarini wakuu. Niko Tanga. Pale nyumbani tuna Prado ya 2005, dizeli, namba C, imekaa uani miezi saba haina anayeitumia. Nataka tuitoe sadaka kwa kituo cha yatima huku njia ya Muheza, wana watoto arobaini na kitu na mtoto akiumwa usiku anapakizwa bodaboda. Naomba anayejua utaratibu wa kubadilisha kadi TRA kama hujauza bali umetoa bure, na mkataba unaandikwaje. Nina haraka kidogo.

Fundi Nozo: Hongera dada kwa moyo ila hiyo ni injini ya 1KD, bei ya nozo zake za kupulizia dizeli ukiisikia utatafuta pa kukaa. Miezi saba, betri imekufa, matairi yamelalia upande mmoja. Kituo kinachoomba unga kitatoa wapi hela ya nozo nne? Niliwahi kuletewa Land Rover ya kituo kimoja, walipewa na wafadhili, ikakaa gereji kwangu mwaka na nusu mpaka kuku wakatagia siti ya nyuma. Iuze, wanunulie Noah.

Mdigo wa Houston: Fundi kasema kweli. Huku Marekani watu wanatoa magari kila siku, linakuja kubebwa, linapelekwa mnadani, kituo kinachukua hela. Likishauzwa, kwenye hesabu ya kodi unatoa kwenye mapato yako kiasi kilichopatikana mnadani, siyo bei uliyonayo kichwani, na likizidi dola 500 wanakuletea fomu ya kodi 1098-C. Mimi nilitoa Highlander ya mke wangu nikijua itafika dola 4,000, ikauzwa 900. Mke wangu mpaka leo akiona Highlander barabarani ananiangalia.

Wakala Ngamiani: Mkataba uandikwe kwa wakili, anayepokea awe na TIN, kuna ada ya uhamisho na stempu duti asilimia 1 ya thamani. Angalia kwanza kama gari lina deni la trafiki au la maegesho ya TARURA, yale yanasoma kwa namba ya gari.

Kaka Pongwe: Kadi inasoma jina la nani?

Binti Chumbageni: Ahsante sana Wakala. Kaka Pongwe, ni gari la familia.

Kaka Pongwe: Familia haiandikwi kwenye kadi dada yangu. Jina la nani?

Binti Chumbageni: La baba. Baba alifariki, ndo hiyo miezi saba. Alinitamkia mwenyewe hospitali, hilo gari msije mkagombana, wapeni watoto wa kituo. Mama amekubali, kaka zangu wawili wamekubali. Na kituo nimeshawaambia, mlezi wao alikuja Jumamosi akaliona, watoto wameshajua gari linakuja. Sasa mniambie nirudi nikawaambie nini?

Ustadh Makorora: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Allah amrehemu mzee. Mwanangu, wasia kwa asiye mrithi unapita ndani ya thuluthi ya alichoacha, ukizidi hapo mpaka warithi waridhie. Mirathi mmefungua? Na watoto wa marehemu ni nyinyi watatu tu?

Mama Nia: Watu siku hizi wanatoa magari huku shangazi zao wanalala njaa. Sadaka huanzia nyumbani.

Binti Chumbageni: Mirathi bado. Kuna mdogo wetu mwingine, ana miaka tisa, yuko Lushoto na mama yake. Hatukukua naye. Baba alikuwa anamtumia ada mpaka mwezi aliolazwa, kwa hiyo haki yake alishaila. Na mama yake ameolewa, hawana shida.

Ustadh Makorora: Ada ni malezi, siyo mirathi. Mtoto hajabaleghe, hana ridhaa ya kutoa, na wewe huna ridhaa ya kumtolea. Kama gari ni kubwa kuliko thuluthi basi mnatoa sadaka mali ya yatima kuwapa yatima wengine.

Chai ya Tangawizi: Wakuu hii ni chai. Mwanzo ni gari limekaa tu, halafu marehemu kaacha wasia, sasa katokea mtoto wa Lushoto. Kila tukiuliza anaongezeka mtu. Nani ana haraka ya kugawa Prado? Weka picha ya kadi.

Fundi Nozo: Hata mimi nilishangaa, huku watu wanaua kwa sababu ya Prado.

Binti Chumbageni: Kadi siweki humu. Haraka yangu ni hii. Mama kila jioni baada ya alasiri anachukua ufunguo anaingia kwenye gari anakaa kiti cha abiria, pale alipokuwa anakaa siku zote. Kofia ya baba iko juu ya dashibodi, hataki iguswe. Anakaa humo mpaka magharibi, anatoka jasho limemlowesha, ana presha. Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilijua nikiandika jina la baba nitashindwa kumaliza. Mtoto wa Lushoto sikumficha ili nimdhulumu, nimezoea tu kutomtaja.

Chai ya Tangawizi: Nisamehe dada. Pole sana.

Kaka Pongwe: Pole mdogo wangu. Sisi tuliuza lori la mzee kabla ya mirathi, mwaka wa pili tukaitwa mahakamani na dada yetu wa baba mmoja, hela ilishaliwa. Fanyeni kikao cha ukoo na muhtasari mwandike, mtafute cheti cha kifo, mwende Mahakama ya Mwanzo wamteue msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye TRA watamsikiliza. Gari likizidi thuluthi, fungu la mtoto mlifidie kwa mali nyingine. Kituo kitasubiri.

Binti Chumbageni: Mlezi nitamwambia kesho. Mama yake yule mtoto namba yake ninayo toka msibani, sijawahi kuipiga. Nitampigia leo usiku.

Fundi Nozo: Mpigie. Na betri uchomoe waya wa hasi. Kofia iache hapo hapo.