Mguu mpana mbele, kisigino chembamba: nitafute viatu gani vya kupanda miamba?

dada_wa_busia

Habari zenu ndugu zangu. Mi ni mtu wa Busia ila kazi yangu iko Mbale, Uganda. Nilianza kupanda miamba mwaka jana pale Sipi, tulikuwa tumeenda tu kuangalia maporomoko na marafiki nikafungwa kamba nikajaribu, na tangu siku hiyo nikipata wikendi moja huru napanda teksi ya Kapchorwa. Siku zote nilikuwa naazima viatu. Mwezi uliopita nikasema basi sasa nipate vyangu, nikauziwa jozi na mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, saizi 37, ngozi bandia, vimepinda mbele kama mdomo wa kasuku, laki mbili na nusu. Viatu vya kawaida mi navaa 40. Akaniambia vya kupanda lazima viume, ukivaa bila kuumia ujue umekosea saizi.

Sasa mguu wangu uko hivi. Mbele ni mpana na vidole vimetawanyika, nimetembea peku mpaka nikamaliza shule ya msingi. Kidole cha pili kinazidi kidole gumba kwa upana wa njiti mbili za kiberiti. Halafu kisigino ni chembamba, hata viatu vya kanisani vinanichomoka. Nikivaa hivi vya kupanda dakika kumi tu vidole vimekufa ganzi, hicho cha pili kimekunjwa mpaka ngozi ya juu ya kiungo imechunika, na cha ajabu nyuma kuna nafasi, nikipachika kisigino juu ya jiwe nijivute nasikia kiatu kinataka kubaki peke yake. Juzi nimeshindwa njia ambayo nilishaimaliza nikiwa na viatu vya kuazima vilivyochakaa kabisa. Iliniuma sana.

Nauliza, nitafute kiatu hichohicho saizi kubwa, ama aina nyingine kabisa? Na je nikivumilia hivi vitapanuka? Bajeti laki tano, nikijikaza sita. Kuna binamu yangu anarudi kutoka Ujerumani mwezi wa nane anaweza kunibebea.

bukonzo_juu

Pole dada. Huku kwetu Kasese mtu akisema viatu vya kupanda sisi tunawaza gambuti kwanza, maana kule Rwenzori kwenye tope la Bigo bila gambuti hufiki mbali, halafu huko juu kabisa kwa barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109, ndipo mtu anavaa buti ngumu za kufungia vyuma vya meno. Nilisoma swali lako mara mbili ndipo nikaelewa ni vile viatu vidogo vya mwambani.

Lakini nimeona nikuandikie hili moja kwa sababu watu wanachanganya. Buti ya mlima unaacha nafasi mbele, kidole gumba kisiguse, maana wakati wa kushuka mguu unateleza mbele masaa mengi na kucha zinang'oka, nimewaona wageni wanafika chini kucha mbili nyeusi. Na unavaa na soksi nene. Vyako ni kinyume chake, kidole kinagusa mbele na soksi hakuna. Kwa hiyo binamu akiingia dukani kule asiseme tu "viatu vya kupanda", ataje miamba, la sivyo atakuletea buti.

mzee_wa_kapchorwa

Nyabo, karibu sana Sipi, pengine tumeshaonana. Mimi nafunga watu kamba huku miaka mingi na nina gunia la viatu vya kuazimisha, miguu niliyoiona ni mingi, kwa hiyo nisikilize polepole.

Kwanza mguu wako hauna kasoro. Kila kiatu kinashonewa juu ya kalibu, ule mguu wa mbao au plastiki, na kalibu za kampuni nyingi za Ulaya zimefuata miguu ya watu waliofungiwa ndani ya viatu tangu wakiwa watoto. Mtu aliyekua peku mbele hupanuka, vidole vinakaa vimeachana kama ulivyosema. Vijana wa huku karibu wote wako hivyo. Mgeni anavaa 41 yangu anaona raha, kijana wa hapa mwenye mguu wa urefu uleule anaishia 43 kwa sababu ya upana, halafu kisigino kinaelea, na ndiyo hali yako sasa hivi. Saizi kubwa ya kiatu kilekile ingekupa nafuu mbele na kukuharibia zaidi nyuma. Tafuta kalibu nyingine.

Pili, huyo aliyekuambia lazima viume alikupotosha, ingawa najua watu wengi wanaamini hivyo. Kazi ya kiatu ni kukusanya nguvu kwenye ncha ya mguu ili usimame juu ya kitu chembamba kama ukingo wa sahani. Vidole vikikunjwa kidogo, viungo vimeinuka kidogo, unapata hiyo nguvu. Vikikunjwa mpaka vikafa ganzi husikii tena jiwe, na asiyesikia jiwe anaanza kuning'inia kwa mikono. Hiyo njia uliyoshindwa najua ni kwa sababu hiyo tu. Hivyo viatu vya kuazima ulivisikia, hivi huvisikii.

Kuhusu mdomo wa kasuku: kiatu kilichopinda namna ile kimetengenezwa kwa mwamba uliokuinamia kichwani, vidole vinafanya kazi kama kucha za kuvuta. Njia nyingi unazopanda wewe saa hii ni ukuta uliosimama na kingo ndogo za mwamba wa volkano, pale unataka kiatu bapa au kilichopinda kidogo tu, soli yenye ugumu wa wastani. Utakisimamia muda mrefu bila kuvua kila ukishuka.

Na kupima. Jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo na joto la siku, weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama uzito wote kwenye mguu huo, mtu mwingine achore penseli ikiwa wima kabisa. Pima kutoka ukutani mpaka kidole kirefu zaidi, kwako ni cha pili sio gumba, halafu pima upana pale penye mifupa. Miguu yote miwili. Andika milimita. Saizi moja ya Ulaya ni milimita 6 na nusu hivi, nusu saizi ni kama 3, kwa hiyo kutoka 40 mpaka 37 umejinyima karibu sentimita mbili. Sentimita mbili nyabo! Kwa ngozi bandia ambayo karibu haipanuki.

lukenya_na_kamba

Mzee amesema yote ya msingi. Mi nilisoma Nairobi nikapanda sana Lukenya na Hell's Gate kabla sijahamia Kampala, na mguu wangu ni kama wa dada, kidole cha pili kirefu, ila kisigino changu cha kawaida. Nimepitia jozi sita.

Majina sasa maana binamu atahitaji majina. La Sportiva Mythos, hiki ni cha ngozi halisi bila kitambaa ndani, kinapanuka nusu saizi mpaka moja nzima na kamba yake inazunguka mpaka nyuma ya kisigino, ukiivuta inakaza nyuma bila kubana mbele, kwa mguu wako mi ndio ningeanza nacho. Kiko sokoni tangu miaka ya tisini na watu bado wanakinunua. Butora wana Acro ambayo inatoka kwa upana mara mbili, nyembamba na pana, lakini imepinda na bei iko juu, iache kwa sasa. Miura ya La Sportiva, wenye kidole cha pili kirefu wengi wanaelewana nayo, mi pia, ila upana wake mbele unaweza kukukataa.

Utaona pia vingine vimeandikwa vya wanawake au LV, hiyo maana yake ni ujazo mdogo tu, kisigino chembamba na mgongo wa mguu wa chini, haihusu jinsia kwa kweli, rafiki yangu mwanaume anavaa hivyo. Kwako LV itakaa vizuri nyuma lakini inaweza kukubana mbele kwa hiyo usikubali bila kujaribu.

Halafu jambo moja ambalo mzee hakuligusa, kama siku moja utaenda Hell's Gate, pale Fischer's Tower na kuta za kando ni nyufa, unaingiza mguu ndani ya ufa kwa ubavu halafu unauzungusha ukwame. Na vidole vilivyokunjwa hapo utalia machozi. Nyufa zinataka vidole vilivyonyooka na kiatu kigumu, nilipanda mara ya kwanza na viatu vya kubana, baada ya njia ya kwanza tu nikashuka nikakaa chini, siwezi kusimama. Siku hizi nina jozi mbili, ya nyufa ni kubwa kwa saizi moja nzima.

bukonzo_juu

Swali dogo, hivyo vya ngozi mnasema vinapanuka, vinapanuka urefu ama upana?

lukenya_na_kamba

Upana zaidi. Urefu kidogo sana kwa sababu mpira umezunguka mbele yote na mpira hauachii. Ndio maana kidole kikikunjwa kwa nguvu siku ya kwanza kitakunjwa hata mwaka ujao, lakini pembeni pakibana kidogo pataachia. Kwa hiyo dada akijaribu dukani, urefu uwe sawa siku hiyohiyo, upana anaweza kuvumilia kidogo kama ni ngozi.

soli_ya_owino

Mi sio mpandaji mzoefu, nina mwaka na nusu, lakini nina kazi ya viatu pale soko la Owino na nimekutana na hivi vya kupanda vikija ndani ya marobota ya mitumba, mara chache, labda jozi mbili kwa miezi kadhaa. Wenzangu hawavijui wanaviuza elfu ishirini kama raba za mchezo. Kwa hiyo dada ukiwa Kampala pita, lakini angalia haya. Pinda soli kwa dole gumba, ukiona mpasuko mwembamba kama nywele, mpira umezeeka, acha. Angalia mbele chini ya kidole, soli mpya ina milimita 4 hivi, ikiisha unafikia ule mpira mwembamba unaozunguka vidole, na ukitoboka huo kazi ya kurudisha inakuwa kubwa na mara nyingi haifai. Nusa gundi pembeni pia, viatu vilivyoachwa juani ama kwenye gari lililofungwa vinaachana polepole, unavaa vizuri siku ya kwanza na ya pili soli inafunguka mdomo.

Na niseme hili kwa moyo wote maana nililifanya mwenyewe: usikubali fundi akubandikie mpira wa tairi. Najua lugabire zetu, zile ndala za tairi, zinadumu miaka, ndio maana niliamini. Nilichukua tairi safi, nikalichonga likawa laini, nikalibandika vizuri kabisa kwenye jozi yangu, kwa macho ilipendeza. Kwenye mwamba ikateleza kama sabuni. Tairi limetengenezwa lisiishe kwenye lami, mpira wa kupanda umetengenezwa ulainike na kujibana kwenye vijishimo vya jiwe, unaisha haraka kwa sababu unashika. Nilianguka mita mbili kabla kamba haijanidaka, goti likavimba wiki. Nimeagiza karatasi ya mpira halisi kutoka nje na sasa nafanya majaribio kwenye viatu vyangu tu, nikiridhika nitawaambia.

dada_wa_busia

Asanteni sana, kwa kweli nimesoma hapa mara tatu na shangazi yangu amenichora miguu jana jioni sakafuni jikoni. Wa kushoto 249, wa kulia 252, upana 101 na 103. Sikujua kuwa havilingani. Nimekata karatasi ya mguu wa kulia nikaiweka chini ya soli ya kile kiatu cha 37, karatasi imetokeza mbele na pembeni zote mbili, nimeikalia nikiitazama nikaona huruma kwa vidole vyangu.

Nimemtumia binamu picha na jina Mythos. Anauliza aanze saizi gani, na kama kuna jinsi ya yeye kujua bila mimi kuwepo.

mzee_wa_kapchorwa

Fuata mguu mkubwa, wa kulia. Lakini asinunue kabla hujajaribu. Mimi nina Mythos mbili kwenye gunia, 38 na nusu na 39 na nusu, zimechakaa na zimeshapanuka lakini kalibu ni ileile. Njoo Jumamosi asubuhi mapema jua halijachoma jiwe. Utavaa bila soksi, utasimama kwenye ngazi ya jiwe pale nje kwa ncha ya mguu mmoja, nihesabu mpaka thelathini. Kisigino kisiinuke, chini ya tao la mguu pasiwe na hewa, na kidole cha pili kiguse mbele kikiwa kimeinama kidogo tu. Tukishaona ipi inakaa, tunapunguza nusu saizi kwa sababu kipya bado kitapanuka, hiyo ndiyo namba ya kumpa binamu.

Hizo za 37 usizitupe, ziko vizuri. Kuna binti wa darasa la saba hapa jirani anapanda peku kwenye mawe ya chini na mguu wake ni mdogo mwembamba, akivaa zikamkaa tutaongea bei.

dada_wa_busia

Jumamosi nafika na teksi ya kwanza. Hizo 37 nitakuja nazo, na bei hatutaongea mzee, zikimkaa ni zake.