Naomba ushauri: neno "may" la Kiingereza linaweza kumaanisha "lazima"?

Katibu_Rungwe: Habari za jioni wana jukwaa. Mpwa wangu wa kidato cha pili ameniuliza iwapo neno "may" linaweza kumaanisha "lazima". Nilimjibu kwamba linaweza, lakini tangu jana sina amani. Naomba mnisaidie mapema, kwa sababu jibu linahitajika Jumamosi.

Mwalimu_Mstaafu_Iringa: Neno hili liliwasumbua wanafunzi wangu kuliko maneno marefu. "You may sit" ni ruhusa, yaani unaruhusiwa kukaa. "It may rain" ni uwezekano, yaani huenda mvua ikanyesha. Na "may God bless you" ni dua, ambayo sisi tunaimaliza kwa kusema Mungu akubariki. Asili yake katika Kiingereza cha kale ni kuwa na uwezo, na ndiyo maana "might" hadi leo ni jina la nguvu. "Lazima" haimo.

Mama_Viazi: Mimi neno hilo lilinitoa machozi hapa Makambako. Karatasi ya mkopo ilisema kwamba mkopeshaji "may" kuongeza riba, binti yangu akanisomea "huenda akaongeza", nami nikaliona jambo la mbali kama mvua ya Agosti. Kumbe ilikuwa ruhusa, na mwezi wa tatu aliitumia.

Wakili_Uyole: Pole, mama. Ndugu Katibu, swali la mwanafunzi halisubiriwi Jumamosi. Sentensi yenyewe inasemaje?

Katibu_Rungwe: Nisameheni, wakuu. Inasema "The buyer may purchase all Grade One fruit". Ni mkataba wa parachichi wa kikundi chetu chenye wanachama 38. Mimi ndiye niliyewasomea kwa Kiswahili, nikasema mnunuzi lazima anunue, nao wamekwisha kusaini. Sikukusudia kudanganya, nilijua neno lina uwezo ndani yake, nikaona mwenye uwezo atanunua. Nimewaza ninyamaze hadi mavuno, kwani huenda akachukua yote na watu wakawa wameingiwa na hofu bure.

Mlokole_Mafinga: Ndugu yangu, wazee hao waliweka kidole gumba kwa kukuamini wewe, si kwa kuiamini karatasi. Ukinyamaza sasa, kosa la lugha linageuka kuwa uongo.

Msomaji_Kimya: Mimi naona uzi huu umetungwa. Jana alikuwa mpwa, leo ni wanachama 38. Tena mnunuzi gani anaandika kipengele kisichomfunga?

Katibu_Rungwe: Sijatunga. Kitabu cha mihutasari kiko mezani hapa. Nimeandika kwa kalamu ya bluu "Mnunuzi lazima anunue daraja la kwanza lote", na neno "lazima" nimelipigia mstari mara mbili, kwa sababu mzee mmoja aliuliza tena. Jambo ambalo sikulisema ni kwamba siku hiyo wakala alinipa shilingi 50,000 za nauli, na kwamba tumekwisha kumkataa mnunuzi mwingine.

Wakili_Uyole: Msomaji, vipengele vya namna hiyo vipo vingi. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inalichukulia "may" kuwa hiari na "shall" kuwa sharti. Kifungu hicho kinahusu sheria zilizotungwa, si mikataba ya watu, kwa hiyo mkataba wenu utasomwa wote kwa pamoja, na huenda kipengele kingine kikambana mnunuzi. Hata hivyo, sentensi hiyo peke yake haimlazimishi. Mtakeni kwa maandishi aweke "shall", au aandike kwa Kiswahili "atalazimika kununua". Akikataa, mtakuwa mmejua mapema. Angalieni pia kama mmezuiwa kumuuzia mtu mwingine. Na hiyo nauli itaje mbele ya wanachama.

Mwalimu_Mstaafu_Iringa: Utakapowasomea tena, mwanangu, usiseme "anaweza kununua", kwa maana Kiswahili nacho kitakuficha, na mtu atasikia kwamba fedha anazo. Sema "anaruhusiwa kununua, wala halazimiki".

Katibu_Rungwe: Shikamoo, mwalimu, na asante. Sentensi hiyo nimeiandika chini ya ile ya bluu, kisha nikampigia mwenyekiti na kumweleza yote, pamoja na nauli. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akauliza kama namba ya yule mnunuzi mwingine bado ninayo.