Mrejesho: majina ya wadaiwa sasa yanajipaka rangi yenyewe

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita niliuliza hivi: nauza dagaa kwa magunia hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, madeni nayaandika kwenye Excel (programu ya majedwali), nataka jina la mteja lililo safu A liwe jekundu kama salio lake la safu E halijaisha. Kaka mmoja alinielekeza nichague A2 hadi A150, niweke kanuni mpya ya rangi inayotumia fomula, niandike =$E2>0.

Imekubali, ila si siku ile ile. Kwanza niliandika =$E$2>0, majina yote yakawa mekundu. Ile alama ya dola ($) ya pili, iliyo kabla ya 2, iliwafunga wote kwenye deni la mteja wa kwanza. Nikaiondoa.

Bado waliomaliza kulipa walibaki wekundu, na hilo liliniuma, maana nusura nimpigie mama mmoja wa Sengerema kumdai hela aliyokwisha kunilipa. Kumbe salio lake niliandika "0/=". Ukiweka hiyo /=, Excel inaona maandishi, si namba, na katika kulinganisha, maandishi yoyote huhesabiwa makubwa kuliko namba yoyote. Nimezifuta zote, nikaacha tarakimu tupu.

Nilifikiria kuongeza ISNUMBER (inayoangalia kama kilichoandikwa ni namba) kwenye fomula ili iruke maandishi, nikaacha. Ingeficha pia deni la kweli lililoandikwa "45000/=", na kwangu hiyo ni hasara kubwa zaidi.

Kaka uliyenijibu, asante sana. Jana nimewapigia wenye majina mekundu tu.